Wiki ya Kupokea Wanafunzi Wapya: Mama wa Ofisi ya Chuo Ajikinge Vipi na COVID-19?

Ikiwa unafanya kazi katika ofisi ya chuo kikuu, wiki hii unaijua vizuri. Foleni inaanza kabla ya saa moja asubuhi. Kila mwanafunzi ana bahasha yenye barua ya kujiunga na chuo, matokeo ya kidato cha nne, kitambulisho, picha za pasipoti, risiti ya benki na fomu ya matibabu. Nyuma yake yuko mzazi au mjomba aliyemsindikiza. Wote wanataka kuzungumza na wewe, na wengi wamesafiri usiku kucha kwa basi.

Septemba 2021 waliofika walikuwa wale waliofanya mtihani wao wa KCSE ukiwa umecheleweshwa na janga, wakapata matokeo mwezi Mei. Walitoka kaunti zote 47. Nasi tulikuwa bado ndani ya janga la COVID-19, tena aina ya Delta iliyoambukiza kwa haraka kuliko ile ya mwaka uliotangulia.

Mimi ni nesi wa jamii hapa Pwani. Nyumba ninazotembelea ni za makarani, wahasibu, walezi wa hosteli, wapishi na wafagizi wa vyuo. Wengi wao ni akina mama, na wengi wana mtoto mchanga au mzazi mzee nyumbani. Makala hii ni yako wewe, na pia ni ya yule anayekulelea mtoto ukiwa kazini.

Jambo lililotokea

Mwaka huo nilifuatilia familia ya mama mmoja, karani wa mkataba katika chuo ambacho sitakitaja. Jumanne alianza kukohoa na kuumwa kichwa. Akajiambia ni vumbi la mafaili. Mkataba wake ulikuwa unakaribia kuisha, na aliogopa kwamba akikosa kazi wakati wa usajili hautaongezwa. Akaenda kazini mpaka Ijumaa.

Wiki iliyofuata wenzake wawili wa chumba kile walikuwa wagonjwa. Mama yake mzazi, mwenye ugonjwa wa sukari, alilazwa akawekewa oksijeni. Bibi huyo alipona, nashukuru. Lakini binti yake bado hulia akisimulia. Hakuwa mzembe. Alikuwa mama aliyeogopa njaa kuliko kikohozi, na hakuna aliyemweleza mapema haki zake wala hatua za kuchukua.

Ndiyo maana nataka ujiandae kabla ya siku ya kwanza. Foleni ikishafika mlangoni, nafasi ya kupanga huwa imepita.

Kwa nini ofisi ya usajili ina hatari zaidi?

Virusi vya corona hutoka mdomoni na puani mtu anapopumua, kuongea, kukohoa au kupiga chafya. Matone makubwa huanguka karibu. Chembe ndogo sana hubaki zikielea hewani, hasa katika chumba kilichofungwa, kama moshi wa jiko unavyojaa jikoni pasipo na dirisha.

Sasa fikiria ofisi yako. Chumba ni kidogo, mafaili yamejaa hadi dirishani, na watu wanne wanakaa humo saa nane kwa siku. Mwanafunzi mmoja anakaa nawe dakika tano tu, lakini kwa siku moja unaweza kuwahudumia mia moja. Na kwa kuwa kuna kelele, kila mtu anapaza sauti. Kupaza sauti huongeza chembe zinazotoka mdomoni.

Jambo la pili ni kwamba mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla ya kuhisi dalili zozote. Kwa hiyo kipimajoto cha getini ni kizuri, lakini hakimkamati kila aliye na virusi.

Vipi kuhusu karatasi na kalamu? Hatari ipo, ila ni ndogo kuliko ya hewa. Nawa mikono na usijiguse uso. Huna haja ya kupulizia dawa kila fomu.

Kabla wanafunzi hawajafika: tengeneza chumba

Ongea na mkuu wa ofisi yako wiki moja au mbili kabla. Mengi ya haya hayana gharama kubwa.

- Fungueni madirisha. Ondoeni mafaili na makabati yanayoziba. Hewa inapita vizuri zaidi mkifungua dirisha upande mmoja na mlango upande mwingine. Kiyoyozi cha kawaida huzungusha hewa ileile ya ndani, hivyo hata kikiwaka, acheni dirisha wazi.
- Hamisheni foleni nje. Meza mbili chini ya mwembe au hema ni salama kuliko ukumbi uliofungwa. Ndani aingie yule anayehudumiwa tu.
- Gaweni siku. Kila kitivo kiwe na siku yake, na asubuhi na alasiri zitenganishwe. Wanafunzi waambiwe kwa ujumbe wa simu kabla hawajapanda basi.
- Punguzeni karatasi. Kinachoweza kutumwa kwa intaneti kitumwe mapema, ili siku ya kufika kibaki kitambulisho na sahihi tu.
- Wekeni alama za mita 1.5 sakafuni, na maji na sabuni mlangoni. Ndoo yenye mfereji inatosha. Mtu aoshe mikono kwa sekunde 20 au zaidi. Pasipo maji, tumieni sanitaiza yenye alkoholi asilimia 60 kwenda juu.
- Gawaneni zamu. Mkiwa watu wanne chumbani, wawili wanaweza kufanya kazi kaunta na wawili chumba kingine. Mmoja akiugua, ofisi nzima haitafungwa.

Ikiwa una mimba, sukari, presha, pumu au unaishi na ukimwi, omba upewe kazi ya nyuma, mbali na kaunta. Mjamzito akipata COVID-19 anaweza kuugua vibaya kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Kuomba hivyo si uvivu.

Wakati wa kuwahudumia

Barakoa ifunike pua, mdomo na kidevu. Kama ni ya kitambaa, iwe na tabaka tatu. Beba angalau mbili, kwa sababu kwa joto letu la Pwani ya kwanza italowa jasho kabla ya saa sita. Iliyolowa ivue, itie katika mfuko wake, ukaifue jioni kwa sabuni.

Kosa ninaloliona sana ni hili: mtu huvuta barakoa kidevuni ili asikike, au anapopokea simu. Huo ndio wakati inapohitajika zaidi. Mwambie mwanafunzi aandike jina lake kwenye kipande cha karatasi kama hamsikizani.

Kosa jingine ni chakula cha mchana. Tunakuwa waangalifu kaunta asubuhi nzima, kisha tunavua barakoa tukala pamoja, magoti yakigusana, katika kichumba cha chai. Mwenzako anaweza kukuambukiza sawa na mgeni. Kuleni nje, au kwa zamu.

Ukifika nyumbani

Najua mtoto hukimbilia mlangoni akisikia hatua zako. Mfundishe yaya au nyanya yake amshike dakika chache. Vua viatu, vua barakoa kwa kushika kamba za masikioni, nawa mikono na uso kwa sabuni, kisha mkumbatie mwanao. Kuoga na kubadili nguo ni vizuri ukiweza, lakini kunawa ndiko muhimu.

Mtoto wa chini ya miaka 5 hahitaji barakoa. Wa chini ya miaka 2 asivalishwe kabisa, kwani anaweza kukosa pumzi.

Ikiwa mnaishi na mzazi mzee, katika wiki zile za usajili akae chumba au kona yenye dirisha, na mkae barazani mnapozungumza. Mweleze sababu kwa upole, asidhani unamkwepa.

Nanyonyesha. Je, niache?

Hapana, usiache. Hakuna ushahidi kwamba mtoto huambukizwa COVID-19 kupitia maziwa ya mama. Maziwa yako humpa kinga dhidi ya magonjwa mengi. Hata ukiwa mgonjwa, endelea: nawa mikono, vaa barakoa, nyonyesha. Ukizidiwa, kamua maziwa na mtu mzima mwenye afya ampe mtoto kwa kikombe safi.

Ukiwa kazini, kamua kwa mikono iliyonawiwa, ndani ya chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Maziwa hukaa saa 4 katika joto la kawaida la chumba. Penye joto kali yaweke kwenye friji au kibebeo chenye barafu.

Na jua haki yako. Sheria ya Afya ya Kenya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia, na akupe muda wa hadi saa 1 katika kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Choo si mahali pa kukamulia maziwa ya mtoto.

Chanjo

Chanjo zilianza kutolewa nchini mwezi Machi 2021, na mwezi Agosti mwaka huo serikali iliwaagiza watumishi wa umma wachanjwe. Akina mama huniuliza kama itaharibu maziwa. Haiharibu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama anayenyonyesha achanjwe kama watu wengine, bila kukatiza kunyonyesha. Ukiwa na mimba, zungumza na nesi wa kliniki yako akupimie hali yako.

Baada ya sindano unaweza kuhisi maumivu ya mkono, uchovu au homa kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo ukiweza, ipate Ijumaa. Usingoje Jumatatu ya usajili, kwa sababu mwili huhitaji karibu wiki mbili kujenga kinga. Ukichanjwa bado vaa barakoa: chanjo inazuia sana ugonjwa mkali na kifo, lakini haizuii kila maambukizi.

Nimeanza kukohoa. Nifanye nini?

Baki nyumbani siku hiyohiyo. Kikohozi, homa, maumivu ya koo, kuumwa kichwa, mwili kuchoka, kupoteza harufu au ladha: yoyote kati ya hizi inatosha. Mpigie mkuu wako simu, kisha piga 719 bila malipo, au mwone mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako akuelekeze mahali pa kupimwa.

Ukikutwa na virusi bila kuzidiwa, unaweza kujitenga nyumbani. Lala chumba chako peke yako, au lala karibu na dirisha na wengine wahamie upande mwingine. Kaa hivyo siku 10 tangu dalili zilipoanza. Mtu mmoja tu, asiye mzee wala mgonjwa, ndiye akuhudumie.

Kuhusu mshahara: Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mfanyakazi aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa malipo kamili, kisha siku 7 kwa nusu ya malipo, katika kila miezi 12. Unachohitaji ni cheti cha daktari. Kwa hiyo nenda ukapimwe, omba cheti, weka nakala. Yule karani niliyemtaja alikuwa amefanya kazi zaidi ya mwaka, na haki hiyo hakuijua.

Nenda hospitali mara moja ukiona haya

- Kupumua kwa shida, au kushindwa kumaliza sentensi bila kuhema
- Maumivu au mgandamizo kifuani usioisha
- Kuchanganyikiwa, au usingizi usio wa kawaida
- Midomo au kucha kubadilika rangi kuwa ya kijivu au buluu
- Kwa mtoto: kukataa kunyonya, kupumua haraka sana, mbavu kuingia ndani anapopumua, au kulegea

Usingoje asubuhi, wala usianze na mvuke na tangawizi ukisubiri kuona.

Jioni moja, maswali matano

Kabla wiki ya usajili haijaanza, kaa na watu wa nyumbani kwako mjibu haya:

1. Nikiugua, mtoto atalala na nani?
2. Nyanya au babu atahamia chumba gani, na dawa zake zinatosha mwezi mzima?
3. Tuna barakoa, sabuni na dawa ya homa?
4. Namba ya mhudumu wa afya na ya mwenye gari la kutupeleka hospitali usiku ziko kwenye simu ya nani?
5. Kazini, ni nani atashika nafasi yangu nikikosa?

Swali la tano wengi hulikwepa, na ndilo linaloamua. Mkikubaliana mapema ofisini kwamba atakayekohoa atakaa nyumbani na mwenzake atashika kaunta, bila lawama, hakuna mama atakayelazimika kuficha homa. Waulize wenzako kesho wakati wa chai. Mkiwa nje, tafadhali.