Mtoto si mzee mfupi: tunajifunza kuchora mwili wa mtu



Jumamosi moja, sisi walimu wanne wa chama hiki tulikaa na kreyo, gome na karatasi kubwa. Tulitaka kuchora picha ya kuwakumbusha wazazi siku ya chanjo ya surua. Tulichora mama mwenye kitenge, amebeba mtoto mgongoni, anaelekea kwenye meza ya muuguzi. Hatukuandika maneno mengi, sababu wengi tuliotaka kuwafikia hawasomi. Tuliifurahia kazi yetu, tukaipeleka katika kampi moja ya wakimbizi wa ndani hapa Bunia, tukaitundika karibu na bomba la maji.

Nyanya mmoja aliweka bidoni yake chini, akaitazama sana, kisha akauliza: “Sasa ule mwanaume mufupi, mama anamubeba juu ya nini? Ni mugonjwa?”

Watu wote wakacheka, nasi tukacheka nao. Lakini juma lililofuata tulikutana na mama mmoja mwenye mtoto wa miezi tisa. Hakuwa amempeleka kwenye chanjo. Alituambia kwa upole kwamba aliiona picha yetu, akafikiri inaongea juu ya wazee wagonjwa wa kupelekwa hospitalini. Tukamsindikiza siku iliyofuata, mtoto akachanjwa, Mungu asifiwe. Lakini usiku ule hatukulala vizuri. Mtoto wa watu alikaribia kukosa sindano sababu ya kreyo yetu.

Kosa lilikuwa wapi? Tulimchora mtoto kama mtu mzima aliyepunguzwa: kichwa kidogo, miguu mirefu, shingo ndefu. Chuoni tulijifunza kuchora mmea, jicho, moyo na ramani kwenye tablo. Mtu tulimchora kwa vijiti vitano na duara, tukaona inatosha. Basi tukaamua kutafuta njia ya kujifunza, na leo tunawaelezea tulichokipata, sababu hata watoto wenu wanaojaza kaye kwa vikatuni wanatafuta kitu hichohicho.

Kitabu cha kwanza ni mwili wenyewe

Tulianza kwa kutafuta mwalimu wa kuchora. Tulipomkosa, tukachukua kamba. Wachoraji hupima mwili kwa kichwa: kutoka utosini mpaka kidevuni ni kipimo kimoja. Tulipima watu wa nyumba zetu, mmoja mmoja, wamesimama wima ukutani.

Mtu mzima alifika vichwa saba, au saba na nusu. Mtoto wa miaka sita, yule anayeanza masomo ya msingi, alikaribia vitano na nusu. Mtoto mchanga tulimpima amelala juu ya mkeka: vichwa vinne tu. Maana yake, kichwa cha mtoto mchanga ni robo ya urefu wake wote. Hapo tukaelewa swali la nyanya. Mtoto wetu wa kwenye picha alikuwa na vichwa saba, kama baba yake.

Katikati ya mwili pia panahama. Kwa mtoto mchanga, nusu ya urefu iko karibu na kitovu. Kwa mtu mzima imeshuka mpaka mahali mapaja yanapoanza. Kadiri mtoto anavyokua, miguu inarefuka kuliko kichwa.

Jaribuni na vipimo hivi nyumbani, watoto watavipenda. Macho hayako juu ya uso kama wengi tunavyochora. Yako katikati ya kichwa, na juu yake kuna paji na nywele. Ukiweka kiganja usoni, kutoka kidevuni kinafika karibu na mwanzo wa nywele, basi msichore mikono midogo. Unyayo una urefu wa karibu sawa na mkono kutoka kiwiko mpaka kifundo. Na mtu akinyoosha mikono yake pande zote mbili, upana wake unakaribia sawa na urefu wake.

Mama mmoja aliuliza kama kusoma mwili maana yake ni kuchora watu uchi. Hapana. Vipimo vinaonekana hata chini ya kitenge. Ukijua goti liko wapi, utajua kitenge kinakunjika wapi mama anapoinama kuosha vyombo. Angalieni wamama sokoni: anayebeba beseni kichwani ananyoosha shingo, anayebeba mtoto mgongoni anaegemea mbele kidogo. Hayo yote ni masomo ya bure.

Vitabu vilivyo karibu

Kitabu cha pili kiko katika mfuko wa mtoto wenu wa sekondari. Ni kitabu cha biolojia. Ule mchoro wa mifupa tuliouchora kwa ajili ya mtihani tu, leo tunautazama kwa macho mengine. Mtu mzima ana mifupa 206, lakini mchoraji haihitaji yote. Anahitaji fuvu, uti wa mgongo, mbavu, nyonga, na mifupa mirefu ya mikono na miguu. Mahali mifupa inapokutana ndipo mwili unapokunjika. Mkono ukikunjika mahali pasipo na kiungo, mtazamaji ataona umevunjika.

Cha tatu ni kile kitabu kikubwa cha picha ambacho wareko husimamisha mbele ya watu na kugeuza ukurasa mmoja mmoja. Tunakikumbuka vizuri tangu Ebola ya 2018 mpaka 2020 katika Kivu ya Kaskazini na hapa kwetu Ituri. Ombeni kukitazama baada ya mazungumzo. Angalieni mchoraji alivyotofautisha mtoto, kijana na nyanya kwa kichwa, mgongo na miguu tu.

Kwa wenye simu na mega kidogo, kuna vya bure vingi. Tafuteni kwa Kifaransa maneno “proportions du corps” au “dessiner un enfant”. Kwenye Wikimedia Commons kuna picha za mwili kutoka kitabu cha Gray's Anatomy, toleo la 1918, ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kuzichapa. Humo pia mna picha za Vesalius, mganga mzaliwa wa Brussels aliyetoa kitabu chake kikubwa cha mwili wa mtu mwaka 1543. Mojawapo ni mifupa mitupu imesimama, imeegemea beleshi, kama mtu anayepumzika shambani. Watoto waliogopa kidogo, kisha wakaanza kuiiga. Mmoja wetu alizihifadhi mara moja, akatutumia wengine kutoka simu mpaka simu bila kununua mega tena.

Wakubwa wa kwetu

Watoto wasidhani vikatuni ni kazi ya wazungu peke yao. Barly Baruti alizaliwa Kisangani mwaka 1959. Amechora vitabu vya watoto vya kuchekesha, na pia vitabu vyenye watu wa sura ya kweli, kama Eva K. na Madame Livingstone, kinachosimulia vita ya kwanza ya dunia kwenye ziwa Tanganyika. Kinshasa, tangu 1968, vijana walikuwa na gazeti lao la katuni, Jeunes pour Jeunes. Na kwa anayetaka masomo kamili, kuna Académie des Beaux-Arts ya Kinshasa, iliyoanza mwaka 1943 huko Gombe-Matadi kama shule ya Saint-Luc. Ni mbali, tunajua. Lakini mtoto akijua kwamba kazi hii ina shule, atauliza maswali mengine.

Kutoka mwili mpaka kikatuni

Vijana wetu waliuliza: kama kikatuni kina vichwa vitatu tu na macho makubwa, kwa nini kupima? Tulijibu kwa kuwachorea. Mwenye kujua kipimo anaweza kukivunja kwa makusudi. Akitaka mtu mzima wa kuchekesha, atampa vichwa vitatu, lakini atamwachia mabega mapana, shingo nene na ndevu ili asifanane na mtoto. Sisi tulivunja kipimo bila kukijua, ndiyo maana mtoto akawa mzee.

Kikatuni kina faida nyingine kwetu Ituri. Uso ukichorwa na alama nyingi, watu wanaanza kuulizana: huyu ni wa upande gani? Uso mwepesi, wenye mistari michache, kila mama anaweza kuona ni wake. Katika kampi yenye watu waliokimbia kutoka vijiji mbalimbali, hilo si jambo dogo. Tulitaka kila mama aseme: huyu ni mimi, na huyu ni mtoto wangu.

Tunachofanya sasa

Kila siku tunajipa dakika 15. Tunachora duara la kichwa, tunahesabu vichwa kwa mistari myepesi, tunaweka mstari wa mgongo, mabega na nyonga, kisha viungo kama shanga. Nguo zinakuja mwisho. Karatasi ikikosekana, tunatumia upande wa nyuma wa kaye zilizoisha, au makala ya jikoni juu ya kartoni. Mtoto akichora upande wa nyuma wa kaye yake, msimchape kabla hamjatazama. Mpeni kaye iliyoisha, mumwambie: chora hapa, ile nyingine ni ya masomo.

Picha ya chanjo tuliichora upya. Mama ana vichwa saba, mtoto ana vinne, kichwa chake kimelala kwenye mgongo wa mama na miguu mifupi imetoka pembeni ya kitenge. Kabla ya kuitundika, tuliwaonyesha kwanza wamama watatu wasiosoma, bila kueleza lolote, tukauliza: mnaona nini? Hilo tunawashauri wote wanaochora kwa ajili ya wengine, sababu mchoraji anaona alichokusudia, na mtazamaji anaona kilichopo.

Nyanya yule tulimkuta tena kwenye bomba. Akaitazama picha, akatutazama sisi, akasema: “Sasa ni mutoto. Lakini anasikia njaa, mumupatie maziba.”

Jumamosi ijayo tunaendelea mahali pa kawaida, baada ya mkutano. Njooni na kreyo moja, kamba moja, na mtoto mmoja wa kupimwa.