Shikamoo inayochelewa: kwa nini bando kubwa haliharakishi maongezi

Jumapili jioni, nyumbani kwa mama mdogo kule Nduruma, simu huegemezwa kwenye chupa ya chai ili wote waonekane. Upande wa pili yuko binti yake anayeishi Leipzig, Ujerumani, pamoja na mjukuu wa miaka saba. Mtoto anaanza: "Shikamoo bibi." Kimya. Anadhani hajasikika, anarudia, na papo hapo marahaba ya kwanza inamwangukia katikati ya shikamoo ya pili. Bibi naye anaisikia ile ya pili, anaitikia tena. Dakika nzima inaishia kwenye salamu. "Huyu mtoto anaamkia kama analipa deni kwa awamu," mama mdogo alisema siku moja. Alicheka, lakini si sana.

Dawa iliyomjia kila mtu kichwani ni kuongeza bando. Tukaongeza. Picha ikang'aa, hata mikunjo ya pazia la Leipzig tukaiona. Salamu zikaendelea kugongana.

Mkulima wa Nduruma hahitaji mhandisi wa kumweleza kilichotokea, kwa sababu anao mfereji. Maji ya Mto Nduruma yanashuka kutoka Mlima Meru, na njiani yana wenyewe: wakulima wa mlimani, kisha mashamba makubwa ya maua, na mwisho kabisa watu wa tambarare wanaongoja zamu. Anayengoja zamu anajua mambo mawili ambayo hayafanani. La kwanza ni upana wa mfereji. La pili ni muda ambao maji yanachukua kumfikia tangu lango lifunguliwe huko juu. Mfereji ukipanuliwa, atapata maji mengi kwa saa moja. Umbali kutoka mlimani unabaki palepale.

Kasi inayotangazwa na kampuni za mtandao ni ule upana. Huhesabiwa kwa megabiti kwa sekunde (biti, si baiti, baiti moja ina biti nane, kwa hiyo laini ya megabiti 40 hushusha megabaiti 5 kwa sekunde, na hapo ndipo wateja wengi huhisi wamepunjwa). Muda wa safari ni kipimo kingine kabisa, huhesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Programu za kupima kasi huuita pingi: zinatuma kipande kidogo cha data na kuhesabu muda wake wa kwenda na kurudi. Ni namba ndogo pembeni mwa ile kubwa, na watu wengi huiruka.

Sikio la binadamu haliiruki. Utafiti wa Tanya Stivers na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009, ulipima mazungumzo katika lugha kumi za sehemu mbalimbali za dunia na kukuta kwamba kati ya mmoja kumaliza na mwingine kujibu hupita, kwa wastani, kama milisekunde 200 tu. Ni muda wa kupepesa jicho. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, nalo linapendekeza ucheleweshaji wa sauti usizidi milisekunde 150 kwa safari ya upande mmoja. Watafiti wa Berlin nao walionyesha mwaka 2014 kwamba sauti ikichelewa, tunamlaumu mtu badala ya mtandao: tunamwona hayuko makini. Kwetu hilo lina uzito wake, maana mtoto anayechelewa kuamkia, au anayemkatiza bibi, ana jina lake, na si jina zuri.

Sasa tufuate njia yenyewe. Mwanga ndani ya faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Arusha hadi Dar es Salaam na kurudi, kilomita 1,300 hivi, ni milisekunde zisizofika 7. Kutoka hapo hadi Ulaya kwa kebo za baharini, tukikadiria kilomita 10,000 kwa upande mmoja kutoka Arusha, kwenda na kurudi ni milisekunde 100. Hakuna bando litakalozipunguza. Lakini tusilalamike sana. Kabla ya kebo ya SEACOM kutua Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya intaneti yetu ilipitia satelaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka, kisha jibu nalo lipande na kushuka, ni karibu nusu sekunde, na hapo hujasubiri kitu kingine.

Njia hiyo ya bahari inaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, wakati kebo nyingine zilikuwa tayari zimeharibika kwenye Bahari ya Shamu. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, alilazimika kuwaeleza Watanzania kwa nini mtandao umelemaa. Siku kama hizo data hutafuta njia ndefu, na njia chache zilizobaki hujaa foleni.

Mwisho wa safari ndio ulionishangaza. Wengi tunadhani Ulaya kote faiba inaingia mpaka chumbani. Kwa binti yetu inaishia kwenye kabati la chuma pembeni mwa mtaa. Mita mia kadhaa zilizobaki data inapita kwenye jozi ya nyaya za shaba, zilezile za simu ya mezani. Mfumo huo unaitwa VDSL, na mamilioni ya nyumba za Ujerumani bado yanautumia. Aliyewahi kuwa na intaneti ya TTCL kwenye simu ya mezani mjini Arusha anamjua kaka yake, ADSL.

Kaka huyo, hata katika toleo lake bora, hutumia mawimbi ya hadi megahezi 2.2 na kufikia megabiti 24. VDSL2, ilipopitishwa mwaka 2006, iliruhusu kupanda hadi megahezi 30. Tatizo ni kwamba wimbi likiwa la juu zaidi, shaba hulimeza mapema zaidi, kama mfereji wa udongo unavyonyonya maji. Aliye mita 300 kutoka kwenye kabati anaweza kupata megabiti 100. Aliye kilomita moja na nusu hana tofauti kubwa na mwenye ADSL, hata kama wanalipia kifurushi kimoja. Ukifungua ukurasa wa ruta utaona namba mbili za desibeli: moja ni nguvu iliyopotea njiani, ambapo kila desibeli 3 ni nusu ya nguvu imekwenda, nyingine ni nafasi iliyobaki kati ya mawimbi na kelele. Hiyo ya pili ikishuka sana chini ya 6, laini huanza kukatika-katika.

Kelele hiyo hutoka kwa mota, kwa nyaya za jirani, hata kwa chaja mbovu. Ili isifute neno zima, laini yenye kelele huwekewa mpango wa kuchanganya vipande vya data kabla ya kuvituma, kisha kuvipanga upya vikifika, ili kilichoharibika kiwe kidogo kidogo na kirekebishike. Kuchanganya huko kunaongeza milisekunde 8, 16 au zaidi. Yaani fundi anaweza kuifanya laini yako iwe imara kwa kuifanya ichelewe. Huku kwetu shaba ina adui mwingine: ina bei kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Faiba haina.

Kwa hiyo Leipzig ilikuwa na makosa ya milisekunde kadhaa, na bahari mia moja. Hesabu haikutosha kueleza zile salamu. Nikapima pingi pale pale mezani kwa mama mdogo, hadi seva ya karibu tu: namba ya kawaida, ya tarakimu mbili. Nikapima tena baada ya muda, ikawa ya tarakimu tatu, inakaribia elfu. Kati ya vipimo hivyo viwili, binamu yangu mdogo, chumbani, alikuwa ameanza kupandisha video za mpira.

Ruta na minara ina mahali pa kuhifadhi data inayosubiri zamu, kama ndiva, yale mabwawa madogo ya Upareni, zinavyokusanya maji ya usiku. Ndiva ikiwa kubwa mno, na mlango wake wa kutokea ni mwembamba, neno la shikamoo linaingia nyuma ya video nzima na kupanga foleni. Kasi ya kupandisha ndiyo huwa ndogo, ndiyo hujaa kwanza. Picha zinazojihifadhi zenyewe mtandaoni zikipata waifai hufanya vivyo hivyo bila kumwomba mtu ruhusa. Ruta nyingine zina mpangilio unaovipa nafasi vipande vidogo na kuzuia foleni isirefuke. Ya mama mdogo haina.

Jumapili iliyofuata tulimwomba binamu angoje. Shikamoo ikaenda, marahaba ikarudi, mara moja kila moja, na bibi akaingia moja kwa moja kwenye habari za shule. Binamu alikaa mlangoni na simu yake kaifunika mapajani, kila baada ya dakika mbili akiuliza kama tumemaliza.