Chuma na Deni Lake: Kutoka Tanuru za Upare Hadi Nguzo za Baharini

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, wakati wa utawala wa Wajerumani, ikafika Moshi mwaka 1911. Njiani hupita chini ya milima ya Upare, na mji wa Same ni mojawapo ya stesheni zake. Tuchukue vipande viwili vya reli vilivyotoka katika kiwanda kimoja siku moja. Kimoja kiachwe katika uwanda mkavu wa Same, kingine kiachwe Tanga, mahali panaporushiwa maji ya bahari. Baada ya miaka kumi, kipande cha Same kitakuwa na ngozi nyembamba ya kutu, bali kile cha Tanga kitakuwa kikibanduka matabaka kwa matabaka. Umri wao ni mmoja, lakini uzee wao si mmoja.

Tofauti hiyo si jambo dogo kwa taifa. Mwaka 1974 gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, katika Wilaya ya Kilwa, na tangu mwaka 2004 gesi hiyo imekuwa ikisafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Baadhi ya visima vya Songo Songo vimo baharini, na kutoka kisiwani hadi Somanga Funga bomba hupita chini ya bahari kwa kilomita 25, ndipo liendelee nchi kavu kwa kilomita 207. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa gridi ya taifa imezalishwa kwa gesi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Same anayesoma usiku kwa mwanga wa taa ya umeme ana haja ya kujua jinsi chuma kinavyodumu ndani ya maji ya chumvi, ingawa bahari yenyewe iko zaidi ya kilomita 150 kutoka shuleni kwake.

Mkopo kutoka ardhini

Ili kuelewa kwa nini chuma huliwa na kutu, hapana budi kwanza kuelewa chuma hutoka wapi. Wazee wa Upare walilijua jibu tangu zamani. Huko Ugweno, kaskazini mwa safu ya milima hiyo, wahunzi wa ukoo wa Washana walisifika kwa ufundi wa kuyeyusha chuma. Mchanga mweusi wenye chuma ulikusanywa katika vijito, ukaoshwa ili mchanga mwepesi uondoke, kisha ukatiwa katika tanuru pamoja na makaa ya miti. Mivukuto ilipulizwa kwa muda mrefu, na mwisho likapatikana bonge la chuma, huku mavi ya chuma yakibaki kama takataka. Bonge hilo lilifuliwa likawa majembe na silaha, na jirani zao Wachaga walikuwa miongoni mwa wanunuzi.

Je, nini kilitokea ndani ya tanuru? Katika ule mchanga mweusi chuma kilikuwa kimeungana na oksijeni. Moto wa makaa uliinyang'anya chuma oksijeni hiyo, nayo ikaungana na kaboni na kutoka kama gesi. Kazi hiyo ilihitaji nishati nyingi, na nishati hiyo ndiyo bei ya chuma. Viwanda vya leo hufanya kazi ile ile kwa kiwango kikubwa zaidi.

Lakini chuma kilichopatikana kwa njia hiyo ni kama mali ya mkopo. Kikiachwa peke yake penye maji na hewa, huungana tena na oksijeni na kurudi katika hali ya udongo mwekundu. Kutu, basi, ni deni linalodaiwa. Mhunzi aliyelipaka jembe lake mafuta baada ya kilimo alikuwa akiahirisha siku ya kulipa.

Kwa nini bahari hudai kwa haraka

Kutu ni kazi ya umeme. Juu ya uso wa chuma kilicholowa, mahali fulani atomu za chuma huacha elektroni mbili mbili na kuingia majini zikiwa ioni. Mahali hapo huitwa anodi. Elektroni hizo husafiri ndani ya chuma hadi mahali pengine paitwapo kathodi, ambapo hupokewa na oksijeni iliyoyeyuka majini. Ili mzunguko ukamilike, ioni nazo lazima ziweze kusafiri ndani ya maji.

Hapo ndipo inapoonekana tofauti ya Same na pwani. Hewa ya uwanda wa Same huwa kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na chuma kisicho na utando wa maji hakina njia ya kuupitisha mkondo. Kilo moja ya maji ya bahari, kwa upande wake, huwa na takriban gramu 35 za chumvi. Maji hayo hupitisha umeme vizuri sana, na ioni za kloridi zilizomo huuharibu utando mwembamba ambao ungekikinga chuma.

Hata nguzo moja ya chuma iliyosimamishwa baharini hailiki sawasawa kutoka juu hadi chini. Sehemu inayoumia zaidi ni ile iliyo juu kidogo ya maji yaliyojaa, ambayo hurushiwa mawimbi mchana na usiku. Sehemu hiyo hulowa na kukauka bila kukoma, na hupata chumvi na oksijeni kwa wingi. Isipokingwa, inaweza kupoteza unene wa kadiri ya milimita 0.3 hadi 0.5 kwa mwaka. Sehemu iliyozama daima hupoteza kadiri ya milimita 0.1. Hata chini kabisa ndani ya tope, ambako oksijeni ni adimu, wapo bakteria wanaotumia salfeti ya maji ya bahari ambao huweza kukitoboa chuma.

Metali inayotolewa kafara

Njia ya kwanza ya kinga ni kukitenga chuma na maji kwa rangi. Rangi ni ya lazima, lakini haitoshi. Hukwaruzwa na vyombo, hupasuka kwa jua, na pale inapobanduka kutu huanza.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi, nayo iko juu ya paa la karibu kila nyumba mjini Same. Bati la kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki. Likikwaruzwa kidogo, chuma kilicho wazi hakishiki kutu upesi, kwa sababu zinki iliyo pembeni huachia elektroni kwa urahisi kuliko chuma. Zinki huliwa, na chuma husalimika.

Mtu aliyeitumia kanuni hii kwa mara ya kwanza kulinda vyombo vya baharini alikuwa mwanakemia Humphry Davy wa Uingereza, mwaka 1824. Matumbo ya manowari za wakati huo yalifunikwa kwa shaba, nayo shaba ilikuwa ikilika. Davy alifungia vipande vya zinki na chuma juu ya shaba, na ulikaji ukakoma. Lakini shaba ilipoacha kuyeyuka ilikoma pia kuwaua viumbe wa baharini, wakajinatisha kwa wingi na kuzipunguzia meli mwendo. Hilo lilikuwa fundisho kwa wahandisi kwamba kila kinga ina matokeo yake, na hapana budi yapimwe yote.

Siku hizi nguzo na mabomba ya baharini hufungwa vitalu vya aluminiamu iliyochanganywa na zinki kidogo na indiamu. Hizi ndizo anodi za kafara. Mwanafunzi anaweza kukadiria mwenyewe kiasi kinachohitajika. Tuchukue nguzo yenye kipenyo cha mita 1, iliyozama mita 10. Eneo la uso wake uliomo majini ni mita za mraba 31.4. Katika bahari ya joto kama yetu, wastani wa mkondo unaohitajika kwa chuma kisicho na rangi ni miliampea 70 kwa kila mita ya mraba, yaani ampea 2.2 kwa nguzo nzima. Ampea moja ikipita mwaka mzima hula takriban kilo 3.5 za aluminiamu hiyo. Kwa hiyo nguzo hii itahitaji kilo 7.7 kwa mwaka, au kilo 154 kwa miaka 20. Kama mkondo huo huo wa ampea moja ungetoka katika chuma chenyewe, ungekula kilo 9 za chuma kila mwaka.

Bahari yenyewe husaidia. Juu ya chuma kinachokingwa hivi, chokaa na magnesiamu iliyomo majini huganda na kufanya gamba jeupe, na gamba hilo hupunguza mkondo unaohitajika. Ipo pia njia ya kutumia mashine ya umeme badala ya anodi za kafara: mkondo hulazimishwa kuingia katika chuma kutoka nje. Njia hiyo hutaka uangalizi, kwani mkondo ukizidi mno huzalisha haidrojeni, nayo huweza kuvifanya baadhi ya vyuma vigumu kuwa vyepesi kuvunjika.

Matunzo ya chuma kizee

Miundo mingi ya baharini husanifiwa ikikusudiwa kutumika miaka 20 hadi 25. Muda huo ukiisha, aghalabu gesi au mafuta bado yapo na muundo bado unahitajika. Kuubomoa ni gharama. Kuuacha bila kuupima ni hatari. Njia ya tatu ni kuupima na kuutunza.

Wapiga mbizi hushuka na kupima mambo mawili. La kwanza ni unene wa chuma uliobaki, ambao hupimwa kwa mawimbi ya sauti ya juu mno yasiyosikika kwa sikio. La pili ni volteji ya chuma ikilinganishwa na elektrodi ya fedha na kloridi ya fedha. Kipimo kikiwa volti -0.80 au chini zaidi ya hapo, chuma kimekingwa. Kikianza kupanda na kuikaribia volti -0.60, ni dalili kwamba anodi zimekaribia kwisha na deni limeanza kulipwa na chuma chenyewe.

Hapo anodi mpya hufungwa, au hulazwa juu ya sakafu ya bahari na kuunganishwa kwa nyaya. Lakini sehemu inayorushiwa mawimbi haiwezi kuponywa kwa anodi, kwa kuwa haimo ndani ya maji daima na mzunguko wa umeme hukatika. Sehemu hiyo husafishwa, huongezewa vipande vya chuma palipopungua, kisha hufungwa kwa kanda zenye grisi na kuvikwa gamba gumu.

Jaribio la darasani

Mambo haya yanaweza kuonekana katika maabara ya shule yoyote. Chukua misumari minne isiyopakwa zinki, isugue kwa msasa, na uitie katika bilauri nne zenye maji yaliyotiwa chumvi gramu 35 kwa lita. Msumari wa kwanza uwe peke yake. Wa pili uzungushie waya mtupu wa shaba. Wa tatu ufunge kwa nguvu na kipande cha zinki. Katika bilauri ya nne weka zinki pia, lakini isiuguse msumari. Baada ya siku saba, wanafunzi walinganishe misumari yote, na waeleze hasa kwa nini zinki ya bilauri ya nne haikuwa na msaada.

Wahunzi wa Ugweno hawakuzijua elektroni, lakini walijua thamani ya chuma kwa sababu walikesha wakipuliza mivukuto. Leo chuma hununuliwa dukani na ni rahisi kuusahau mkesha huo. Nguzo iliyoko baharini haisahau. Huendelea kudaiwa kila saa, na isipolipiwa kwa kilo chache za aluminiamu na upimaji wa mara kwa mara, italipa kwa mwili wake.