Damu Isiyokauka Baada ya Kunyolewa

Katika maeneo ya machimbo ya dhahabu kama Nyarugusu, mkoani Geita, kinyozi ni mtu wa lazima. Mchimbaji atokaye shimoni akiwa na vumbi la mawe hadi kwenye nyusi huoga, hunyolewa ndevu, kisha hurudi miongoni mwa watu. Wembe ukiteleza, damu huchuruzika kidevuni, naye mteja hupewa kitambaa na kipande cha shabu. Mara nyingi mambo huishia hapo. Makala haya yanamhusu yule ambaye damu yake haikauki.

Ngozi ya uso ina mishipa midogo mingi, kwa hiyo hata mkato mdogo huweza kutoa damu ya kutisha. Dawa yake ya kwanza ni mgandamizo: kitambaa safi kikandamizwe juu ya mkato kwa dakika 10 mfululizo, bila kufunuliwa. Hapo ndipo wengi tunapokosea. Kila tunapofunua ili tutazame, tunaling'oa donge changa lililokuwa linaziba tundu, na kazi huanza upya. Dakika hizo zihesabiwe kwa saa. Za kukadiria, hasa wateja wengine wakiwa wanasubiri kwenye benchi, huwa mbili tu. Damu ikiendelea, kandamiza dakika nyingine 10. Ikishindikana tena, nenda zahanati.

Shabu husaidia kweli, kwa kuwa hukaza ngozi na kugandisha protini za damu juu ya mkato. Ubaya wake ni kwamba jiwe lile lile hupita kwenye videvu vya wateja wote. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kwenye damu iliyokauka. Mteja anayedai wembe mpya na kuukubali mchi wa shabu wa jana amefunga mlango akaacha dirisha wazi. Nunua kipande chako. Bei yake si kubwa. Majivu, tumbaku, udongo na petroli visiguse jeraha, kwani huunguza ngozi au huingiza vijidudu, vikiwemo vya pepopunda. Aliyetoka kuchanganya zebaki na mchanga wa dhahabu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kujishika usoni.

Ikiwa damu ni sugu kila unaponyolewa, chanzo si mkono wa kinyozi. Tuanze na dawa. Kazi ya kupasua mwamba huumiza mgongo, na dawa za maumivu hununuliwa dukani kama peremende. Aspirini hudhoofisha chembe sahani, ambazo ndizo huanza kuziba tundu, na athari yake hudumu kwa siku 7 hadi 10. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya vivyo hivyo kwa muda mfupi zaidi. Anayetumia warfarini asiiache kwa hiari yake, amweleze daktari.

Chanzo cha pili ni ini, nacho hakitajwi inavyostahili katika Kanda ya Ziwa. Kichocho cha tumbo kilichokaa mwilini kwa miaka mingi huacha makovu ndani ya ini. Bandama huvimba na kuzinasa chembe sahani nyingi kupita kiasi. Mtu aliyekulia ufukweni au visiwani kabla ya kuja machimboni anaweza kuanza kuiona hali hii kwenye kioo cha kinyozi. Kwake, kumeza aspirini ni hatari hasa, kwa sababu mishipa iliyotanuka kwenye umio huweza kupasuka na kumfanya atapike damu.

Chanzo cha tatu hurithiwa. Ziwa letu kubwa lina jina la Malkia Victoria wa Uingereza, aliyebeba hemofilia katika uzao wake. Mwanawe Leopold alifariki mwaka 1884 baada ya kuanguka. Hemofilia hupitia kwa mama na huwapata zaidi wanaume. Mkato wao mdogo huweza kukauka kama wa mtu mwingine, kisha ukaanza kutoa damu upya saa kadhaa baadaye. Ugonjwa mwingine wa kurithi, wa von Willebrand, huwapata wanaume na wanawake pia.

Kwa mtumishi wa zahanati, maswali machache hufanya kazi kubwa. Ulipotahiriwa au kung'olewa jino, damu ilitoka kwa muda gani? Je, viungo huvimba bila kuumia? Dada zako hupata hedhi nzito? Umemeza dawa gani wiki hii? Kisha mpapase tumbo, uitafute bandama. Ukishuku tatizo la kuganda kwa damu, usimchome sindano ya msuli, hata ile ya diklofenaki aliyoizoea, kwa kuwa damu huweza kujaa ndani ya msuli. Jeraha likandamizwe kwa shashi, ikiwezekana iliyoloweshwa asidi ya traneksamiki, naye apewe rufaa kwenye hospitali yenye uwezo wa kuhesabu chembe sahani na kupima muda wa damu kuganda. Katika barua ya rufaa andika majibu ya maswali hayo pamoja na majina ya dawa alizomeza, maana daktari atakayempokea hataiona sanduku la dawa lililobaki nyumbani.