BAJAJI, GUTA NA JAMAA ZAKE: ISTILAHI ZA VYOMBO VYA MAGURUDUMU MATATU

Utangulizi

Miongoni mwa maneno mapya yaliyokwisha kuzoeleka katika miji ya Chake Chake, Wete na Mkoani ni neno bajaji. Mtoto wa skuli analijua, mzee analijua, na karani huliandika bila ya kusita. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili halina taabu yoyote. Taabu huanza linapoingia katika maandishi ya kazi: fomu ya usajili, mkataba wa bima, ripoti ya ajali, somo la udereva, au kijitabu cha maelekezo kinachofasiriwa kwa ajili ya mnunuzi. Hapo hubainika kwamba neno moja limebebeshwa vyombo vitatu au vinne visivyofanana. Tena vinatofautiana khasa katika jambo ambalo mwendeshaji hana budi kulijua, yaani namna chombo kinavyokata kona na namna kinavyopinduka.

Makala haya yana shabaha mbili. Kwanza, kueleza kwa nini watu huchagua chombo cha magurudumu matatu badala ya pikipiki ya kawaida, na aina zake zinatofautiana vipi. Pili, kupendekeza istilahi zitakazomwezesha mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali kuzitenga aina hizo. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatukusudii kulifukuza neno bajaji. Neno hilo limekwisha kupata uraia. Tunalolitafuta ni mipaka yake.

1. Asili ya majina yanayotumika

Bajaji limetokana na Bajaj, ambalo ni jina la ukoo na la kampuni ya Kihindi. Kundi la makampuni ya ukoo huo lilianzishwa na Jamnalal Bajaj mwaka 1926. Kuanzia karibu na mwaka 1960 kampuni yake ya magari ilitengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu kwa leseni ya Piaggio ya Italia. Piaggio ndiyo iliyotoa Vespa mwaka 1946, na miaka miwili baadaye ikatoa ndugu yake wa magurudumu matatu aitwaye Ape. Kwa Kitaliana vespa ni nyigu na ape ni nyuki. Kwa hivyo bajaji ya leo, kwa nasaba, ni mjukuu wa vespa waliyoizoea wazee wetu wa Unguja na Pemba. Majina yote mawili yameingia Kiswahili kwa njia moja: alama ya biashara imegeuka kuwa nomino ya kawaida.

Guta lina historia nyingine. Huko Dar es Salaam lilikuwa jina la baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, yenye kukanyagwa kwa miguu. Ilipokuja pikipiki yenye sanduku la mizigo nyuma, jina lilihamia huko. Wapo Bara wanaoiita toyo, nalo pia ni jina la alama ya biashara. Mombasa na kwingineko Kenya, chombo tunachokiita bajaji huitwa tuktuk, neno la kuigiza mlio wa injini lililo maarufu pia Thailand. Wasemaji wetu wenyewe walifuata kanuni hiyo hiyo walipounda neno pikipiki.

Katika lugha ya kiserikali ya Zanzibar husikika sana maneno vyombo vya maringi mawili na maringi matatu. Msemo huu una sifa njema: unahesabu kinachoonekana, wala hautegemei kampuni. Kasoro yake ni kwamba ringi, kwa fundi, ni chuma kinachovalishwa tairi, si gurudumu zima. Katika maandishi ya kitaalamu gurudumu ni neno salama zaidi.

2. Sababu za kuchagua magurudumu matatu

Istilahi njema hufuata matumizi. Kwa hivyo yapasa tuulize kwanza watu wanakitakia nini chombo hiki.

Sababu ya kwanza ni kwamba husimama chenyewe. Mwendeshaji wa pikipiki hana budi kuteremsha mguu kila anaposimama. Mwenye mguu mbovu, mwenye umri mkubwa au mwenye mzigo mzito hawezi kulifanya hilo kwa salama. Ndiyo maana watu wengi wenye ulemavu wa miguu huchagua magurudumu matatu.

Sababu ya pili ni namna ya kukaa. Katika bajaji abiria huketi kitini, ubavu kwa ubavu na wenzake, nyuma ya dereva na mbali na mwili wake. Katika kisiwa ambacho wanawake wengi huvaa baibui, na ambako haipendezi mwanamke kumpandia mgongoni mwanamume asiye maharimu wake, jambo hili si dogo. Mama mjamzito au mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, naye hupata utulivu ambao kiti cha nyuma cha pikipiki hakiutoi.

Sababu ya tatu ni mvua. Pemba hupata mvua nyingi, na bajaji ina paa. Sababu ya nne ni mzigo: magunia ya karafuu, mikungu ya ndizi, madumu ya maji, saruji. Kazi ambayo gari la ng'ombe limeifanya kwa miaka mingi, guta la injini huifanya kwa haraka zaidi. Sababu ya tano ni gharama, kwani injini ndogo hunywa mafuta machache kuliko gari, na abiria watatu huweza kuchangiana nauli.

Lakini kuna mambo yanayowarudisha watu kwenye pikipiki. Njia nyembamba za mikarafuuni hupitika kwa magurudumu mawili tu. Aidha, pikipiki huacha alama moja barabarani, bajaji huacha tatu. Mwenye pikipiki hukwepa shimo kwa kulizunguka. Mwenye bajaji akilikwepa kwa gurudumu la mbele, huenda akaliingia kwa la nyuma. Na katika njia ya udongo iliyochimbwa mifuo na magari, gurudumu lake la mbele hutembea juu ya tuta la katikati.

3. Aina na tofauti zake

Tofauti kubwa si rangi wala kampuni. Ni maswali matatu: Magurudumu mawili yako mbele, nyuma au ubavuni? Chombo hulala kinapokata kona, au hubaki wima? Kinabeba nini?

(a) Moja mbele, mawili nyuma. Hapa wamo bajaji, guta la injini, na pikipiki kubwa za matembezi zilizowekwa ekseli nyuma. Kwa kawaida hazilali. Ukiunganisha kwa mistari sehemu tatu ambazo matairi hugusa ardhi, utapata pembetatu yenye ncha mbele. Chombo husimama maadamu uzito wake haujatoka nje ya pembetatu hiyo. Katika kona uzito husukumwa nje, na ukikanyaga breki husukumwa mbele, kwenye ncha, mahali palipo pembamba. Kufunga breki ndani ya kona, khasa katika mteremko, ndilo jambo la hatari kuliko yote. Katika guta lililosheheni kuna hatari ya pili: likipanda mlima uzito hurudi nyuma, gurudumu la mbele huwa jepesi, na usukani hupoteza nguvu. Na magunia yakipandishwa juu sana, huhitaji kona ndogo tu kulipindua. Pemba ni nchi ya vilima na mabonde. Hatari zote mbili zinaweza kukutana katika safari moja.

(b) Mawili mbele, moja nyuma. Hapa pembetatu imegeuzwa, na uzito unaosukumwa na breki hukutana na upana. Aina hii ina matawi mawili. Tawi la kwanza hulala kama pikipiki, mfano Piaggio MP3 iliyotoka mwaka 2006 na Yamaha Niken ya mwaka 2018. Tawi la pili hubaki wima, mfano Can-Am Spyder iliyotoka mwaka 2007. Vyombo hivi ni ghali na si vya kawaida katika barabara zetu, lakini mfasiri hukutana navyo katika maandishi.

(c) Pikipiki yenye kigari ubavuni. Magurudumu yake hayalingani pande mbili. Katika nchi zinazoendesha kushoto kama yetu, kigari hufungwa kushoto. Kwa hivyo kona ya kushoto hukiinua kigari, na kona ya kulia hukikandamiza. Chombo kimoja kina tabia mbili.

Mikataba ya kimataifa nayo haivichanganyi vyombo hivi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unafasili pikipiki kuwa ni chombo cha magurudumu mawili, chenye kigari au kisicho nacho, na unaziruhusu nchi kuvihesabu pia kuwa pikipiki vyombo vya magurudumu matatu ambavyo uzito wake mtupu hauzidi kilo 400. Katika mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuainisha magari, pikipiki yenye kigari imo katika kundi L4, na chombo cha magurudumu matatu yanayolingana kimo katika kundi L5, ikiwa injini yake inazidi sentimita za ujazo 50 au mwendo wake unazidi kilomita 50 kwa saa.

Kuna hata gurudumu lionekanalo ambalo kwa sheria halimo. Katika kanuni za Ulaya, magurudumu mawili ya ekseli moja ambayo vitovu vyake vya mgusano na ardhi havikuachana zaidi ya milimita 460 huhesabiwa kuwa moja. MP3 ya kwanza ilikuwa na milimita 420, kwa hivyo kisheria ilikuwa ya magurudumu mawili. Aina iliyofuata, MP3 LT, ikapanuliwa hadi milimita 465, ikawa ya matatu, na katika nchi kadhaa wenye leseni ya gari wakaruhusiwa kuiendesha. Milimita 45 zimebadilisha jina, na jina likabadilisha leseni.

4. Mitego miwili kwa mfasiri

Mtego wa kwanza ni kitenzi. Kiingereza kina neno moja kwa chombo kinacholala na kwa mtu anayeuegemeza mwili wake. Kiswahili kinayo mawili, na yapasa tuyatumie. "Laza chombo upande wa kona" ni agizo sahihi kwa mwenye pikipiki na kwa mwenye MP3. Kwa mwenye guta halitekelezeki, na akijaribu anaweza kutoka nje ya barabara, kwa sababu chombo chake hufuata usukani peke yake. Kwake yeye agizo ni hili: "Punguza mwendo kabla ya kona, geuza usukani, egemeza mwili upande wa ndani." Mtu aliyezoea pikipiki kwa miaka mingi ndiye anayehitaji zaidi kuonywa, maana mikono yake imefundishwa tabia nyingine.

Mtego wa pili ni kitenzi kupanda. "Alipanda pikipiki" huweza kuwa ni yule aliyeshika usukani au yule aliyebebwa. Katika hadithi haidhuru. Katika ripoti ya ajali au dai la bima tofauti hiyo ni fedha, na pengine ni kifungo. Tuandike mwendeshaji (au dereva, kwa bajaji) na abiria.

5. Mapendekezo

Tunapendekeza istilahi zifuatazo:

Chombo cha magurudumu matatu: jina la jumla la vyombo vya moto vya aina hii. Kwa kuwa chombo huku pwani kwanza ni jahazi, katika sheria litangulie neno chombo cha moto.

Bajaji: chombo cha magurudumu matatu cha kubebea abiria, chenye paa, gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kisicholala, bila ya kujali kampuni iliyokitengeneza.

Guta la injini: chombo cha umbo hilo hilo la magurudumu, chenye sanduku la mizigo nyuma ya mwendeshaji. Lisiitwe bajaji ya mizigo katika maandishi rasmi.

Pikipiki ya mawili nyuma. Pikipiki ya mawili mbele: zitumike kwa vyombo vya matembezi vinavyokaliwa kama pikipiki.

Pikipiki yenye kigari ubavuni: kundi L4.

-nacholala, -sicholala: sifa za chombo kwa namna kinavyokata kona. Kila kijitabu cha maelekezo kiitaje sifa hii katika ukurasa wa kwanza.

Magurudumu pacha: magurudumu mawili ya ekseli moja yanayohesabiwa kuwa moja kwa sheria. Neno pacha lisitumike kwa jozi yoyote nyingine.

Itaonekana kwamba karibu maneno yote haya yalikuwemo midomoni mwa watu. Kazi iliyobaki ni ya wenye kalamu. Karani atakayeandika "guta la injini, limesheheni, lilipinduka katika mteremko wa kona" amemweleza mhandisi wa barabara, mwalimu wa udereva na afisa wa bima jambo wanaloweza kulifanyia kazi. Atakayeandika "bajaji ilipata ajali" hajawaeleza ila kwamba ajali ilitokea. Wasomaji wenye majina mengine yanayotumika katika wilaya zao, khasa kwa sehemu za guta na mizigo yake, wanaombwa wayalete ili yafikiriwe pamoja na haya.