Juu ya Ufunguo wa Wimbo: Sauti ya Mwimbaji, Shingo ya Gitaa na Maneno Yake ya Kiswahili

Mwimbaji akimwambia mpiga gitaa, "Shusha sauti kidogo," amri hiyo yaweza kutiiwa kwa njia tatu, na zote tatu ni halali kwa matumizi ya Kiswahili. Mpigaji aweza kuzigusa nyuzi taratibu zaidi, ili gitaa lisivume. Aweza kuuhamisha wimbo wote mpaka mahali pa chini, ili koo lipate nafasi. Tena aweza kudhani kwamba nyuzi zimekazwa kupita kiasi, akaanza kuzilegeza. Mwimbaji alitaka jambo moja tu, na mara nyingi ni lile la pili. Lakini hupewa la kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi. Wimbo huanza tena pale pale, na kwenye ubeti wa pili sauti hukatika.

Shida hii ni ya kila mahali gitaa linapoimbiwa, lakini yaonekana vema katika mji kama Igowole. Mji huu uko katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, kwenye barabara itokayo Nyololo, penye njia kuu ya Mbeya, kuelekea Mgololo. Ni nchi ya juu, yenye ukungu na baridi, na mashamba ya chai ya Mufindi yamewakusanya kwa miaka mingi Wahehe, Wabena, Wakinga na watu wa makabila mengine. Kwa sababu hiyo Kiswahili si lugha ya shule na ofisi tu huko: ndicho lugha ambayo mwimbaji wa Kibena humwelezea mpigaji wa Kihehe jinsi anavyotaka wimbo uende. Ikiwa neno halitoshi, wimbo nao hautatosha.

Ama neno "sauti" lenyewe limebebeshwa mzigo mkubwa. Ni mlio wowote unaosikika. Ni sauti ya mtu itokayo kooni. Ni kadiri ya ukubwa wa mlio, kama katika "punguza sauti ya redio". Ni kimo cha mlio, yaani wembamba au unene wake. Na katika kwaya ni fungu la waimbaji, maana husemwa "sauti ya kwanza", "sauti ya pili", mpaka ya nne, ambayo ni besi. Vitenzi navyo huchanganyika. "Kupaza sauti" ni kuikuza ili isikike mbali, na hakuna shaka juu yake. "Kupunguza" hali kadhalika ni kwa ukubwa wa mlio. Lakini "kupandisha" na "kushusha" huenda huku na huko, na "sauti ya juu" yaweza kuwa ya mtu anayepiga kelele, au ya mtoto anayeimba kwa upole noti zilizo nyembamba sana.

Hata hivyo lugha ina sifa mbili zisizodanganya, nazo ni "nene" na "nyembamba". Mtu mwenye sauti nene aweza kunong'ona, na sauti yake ikabaki nene. Mwenye sauti nyembamba aweza kupaza mpaka asikike ng'ambo ya bonde, na bado ni nyembamba. Sifa hizi hazisemi lolote juu ya nguvu. Husema juu ya kimo tu. Ni ajabu kwamba waandishi wengi wa mafunzo ya muziki huziacha na kushika "juu" na "chini" za vitabu vya Kizungu, hali katika gitaa "juu" na "chini" ndiyo njia ya hakika ya kupotea. Mpigaji akilipakata gitaa lake, uzi ulio juu kabisa, karibu na kidevu chake, ndio utoao mlio ulio chini kuliko yote. Tena mkono wa kushoto ukishuka shingoni kuelekea tumbo la gitaa, mlio hupanda. Lakini uzi mnene hutoa sauti nene na uzi mwembamba hutoa sauti nyembamba, na mtoto wa miaka saba huliona jambo hili kwa macho.

Juu ya neno "ufunguo" pana historia ndefu kidogo. Ni tafsiri ya neno la Kiingereza lenye maana ya ufunguo wa mlango, na asili yake ni Kilatini cha watawa, ambao waliziita "funguo" zile herufi zilizotiwa mwanzoni mwa mistari ya muziki ili msomaji ajue noti gani iko wapi. Kwa hiyo tangu asili ufunguo ulikuwa alama ya kusomea, kisha ukawa jina la noti ambayo wimbo unakaa kwake na kurudi kwake. Kiswahili kimerithi maana zote mbili. Wapiga magitaa wengi hawasemi "ufunguo" bali "kii", na huenda ni afadhali, maana "kii" haina mlango wala kufuli.

Waimbaji wa kwaya wana njia nyingine, nayo ni bora kwa kazi hii. Nota za do, re, mi zilizobuniwa na Bibi Sarah Glover wa Norwich, kisha zikatengenezwa na kuenezwa na John Curwen (1816–1880), ziliingia Afrika kwa njia ya makanisa na shule. Ndani yake "do" si noti moja iliyogandishwa. Do ni mahali popote wimbo unapojengwa. Juu ya karatasi huandikwa kwamba do ni G, au do ni F, na hapo mwalimu huitoa kwa kinywa, akazigawia sauti zote nne noti zao za kuanzia. Enoch Sontonga, aliyetunga huko Afrika Kusini mwaka 1897 wimbo ambao lahani yake ndiyo ya "Mungu Ibariki Afrika", aliuandika kwa nota hizo. Kila asubuhi shuleni huonekana faida na hatari ya mtindo huu: mtoto mmoja akianza kwa do nyembamba mno, wenzake wote humfuata, na wakifika kwenye kilele cha wimbo nusu yao hupiga kelele na nusu hunyamaza. Wimbo haukukosewa. Do ndiyo iliyowekwa pasipofaa.

Mwenye kujua hivyo hana budi kuuanza wimbo bila gitaa. Auimbe wote kwa utulivu, kwa sauti ya kawaida, apate noti yake nene kuliko zote na noti yake nyembamba kuliko zote. Kwa kawaida ile nyembamba haiko mwanzoni. Iko katika kiitikio, na ndiyo sababu wengi hujidanganya kwa kupima ubeti wa kwanza peke yake. Kisha apime koo lake mwenyewe: siyo noti anazoweza kuzifikia kwa kukaza shingo, bali zile anazoweza kuzikalia huku akitamka maneno yote. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili huwa noti mbili au tatu kila upande, na katika noti hizo ndimo waimbaji wengi huharibikiwa.

Chukuliwe mfano wa wimbo unaotoka so ya chini mpaka la, yaani nusu hatua 14. Mwimbaji mwanamke akikaa kwa raha kati ya A iliyo chini ya C ya kati na C iliyo juu ya ile ya kati, mipaka yake huonekana shingoni mwa gitaa: uzi wa tatu kwenye chuma cha pili, na uzi wa kwanza kwenye chuma cha nane. Hapo pana nusu hatua 15, na wimbo unahitaji 14. Basi do ina mahali pawili tu, D au E ya kushushwa. Zaidi ya hapo hapana. Mwenzake mwanamume akikaa kati ya C ya uzi wa tano, chuma cha tatu, na E ya uzi wa kwanza usioshikwa, do yake ni F, au F ya kupandishwa, au G. Kwa kuwa mshiko wa G ni mwepesi kwa vidole, na kwa kuwa aghalabu mwanamume ndiye ashikaye gitaa, wimbo huanzishwa kwa G. Sasa mwanamke hana pa kwenda. Akiimba juu, la yake humpita kwa nusu hatua 4. Akiimba chini pamoja na mwanamume, so yake iko nusu hatua 7 chini ya mpaka wake. Watu husema kwamba sauti yake ni dhaifu. Si kweli: amepewa ufunguo wa mtu mwingine.

Kwa watu hawa wawili hakuna ufunguo unaowafaa wote kikamilifu, maana wa kwake huishia E ya kushushwa na wa mwenzake huanzia F. Lakini katikati yake iko E. Kwa E, mwanamume hushuka nusu hatua moja chini ya raha yake, na mwanamke hupanda nusu hatua moja juu ya raha yake, na kila mmoja huvumilia kiasi kile kile. Mshiko wa E nao ni mwepesi. Ni nadra hesabu ya muziki kutoka vizuri namna hii; katika nyimbo pana zaidi mmoja hulazimika kuiacha noti ya kilele kwa mwenzake, au kuimba sauti ya pili.

Gitaa lina mishiko mitano iliyo rahisi, kwa kuwa nyuzi nyingine huachwa wazi: C, A, G, E na D. Mpigaji asiyetaka kuiacha mishiko hiyo hutumia kapo, ambacho ni kibano kinachozikandamiza nyuzi zote nyuma ya chuma fulani. Asiye nacho hufunga kalamu ya risasi kwa mpira au kamba, nayo hutosha. Kila chuma kimoja ni nusu hatua moja. Mwanamke wa mfano wetu akitaka D, mpigaji aweza kushika D bila kibano, au C na kibano kwenye chuma cha pili. Akitaka E ya kushushwa, ni D kwenye chuma cha kwanza, au C kwenye cha tatu. Anayejua mishiko ya G tu aweza kuifikia D kwa kukiweka kibano kwenye chuma cha saba, lakini hapo uzi wa sentimita 65 hubakiwa na kama 43, na gitaa hulia kama chombo kingine. Wengine hulipenda hilo. Kibano, hata hivyo, hupandisha tu, hakishushi. Anayetaka kushuka kutoka G mpaka F hana budi kubadili mshiko, mathalan D kwenye chuma cha tatu, au kulegeza nyuzi zote sita kwa kiasi kimoja.

Kwa wataalamu wa lugha liko jambo jingine lenye uzito. Kuhamisha ufunguo hakubadili umbali kati ya noti na noti. Basi wimbo wa Kihehe, lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno, haupotezi kitu ukihamishwa wote. Hupotea mwimbaji anaposhindwa na kilele, akakibana chini huku noti nyingine zikibaki mahali pake. Kiswahili hakina toni ya maneno, lakini kina mkazo, na lahani nyingi huuweka mkazo huo kwenye noti nyembamba. "Barabara" yenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia. Mkazo ukirudi nyuma silabi moja, maana huwa sawasawa, kwa usahihi. Mwimbaji anayekata kilele kwa kuchoka aweza kumpeleka msikilizaji njiani bila kukusudia.

Kabla ya gitaa nchi hiyo ilikuwa na ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe, ambacho Hugh Tracey alikirekodi alipopita Tanganyika mwaka 1950. Chombo kama hicho hakikungoja kipimo cha nje. Fundi hukaza uzi mpaka ukubaliane na koo la anayeimba. Gitaa limekuja na kipimo chake: A ya mitetemo 440 kwa sekunde, iliyokubaliwa na mkutano wa London mwaka 1939, na yenye kutetema mara 110 katika uzi wa tano. Kipimo hicho ni cha lazima kwa wenye vinanda na tarumbeta. Mtu mmoja na gitaa lake hawafungwi nacho, nao waweza kulegeza nyuzi zote nusu hatua asubuhi, wakati koo bado ni nene, na kuzikaza mchana.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Gitaa la nyuzi za chuma lililokuwa karibu na moto, likitolewa nje katika baridi ya Mufindi ya mwezi wa Julai, nyuzi zake husinyaa na sauti yake huwa nyembamba kidogo katika dakika chache. Mpigaji aliyekwisha kukubaliana na mwimbaji ndani ya nyumba yafaa asikilize tena uani, kabla wimbo haujaanza.