Mgonjwa wa akili ana mwili pia

MIAKA kadhaa iliyopita, mama mmoja alimleta mwanawe katika kliniki yangu akiwa na wasiwasi mwingi.

"Daktari, naona wazimu umemrudia," aliniambia. "Usiku kucha ni kunywa maji na kwenda choo. Hata jirani wameanza kusema."

Kijana huyo wa miaka 31 alikuwa akitibiwa ugonjwa wa skizofrenia. Sauti zilizokuwa zikimsumbua zilikuwa zimenyamaza na alikuwa amerudi kazini katika duka la mjomba wake. Kila mwezi alikuja nimwandikie dawa yake, olanzapini. Nilikuwa nikimwuliza kama analala vyema na kama sauti zimerudi. Akinijibu kwamba yuko sawa, niliandika dawa naye akaenda zake.

Siku hiyo nilimdunga kidole. Sukari katika damu yake ilikuwa 24, ilhali 11.1 pekee, pamoja na kiu na mkojo wa mara kwa mara, inatosha kuonyesha kwamba mtu ana kisukari. Nilimpandisha kwenye mizani nikakuta kilo 91. Nikatafuta kwenye kadi uzani wake wa siku ya kwanza, nisiuone. Haukuandikwa, na aliyepaswa kuuandika ni mimi.

Wazimu haukuwa umerudi. Kijana alikuwa na kisukari, na huenda kilianza miezi mingi kabla yetu kukigundua.

Skizofrenia ni maradhi ya ubongo. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, huamini mambo yasiyokuwapo, au hujitenga na watu. Akipata dawa na kuungwa mkono na jamaa zake, wengi hupata nafuu. Lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kuwa watu wenye maradhi makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko wenzao. Wako wanaojiua, lakini wengi huuawa na maradhi ya kawaida yanayoweza kuzuiwa: moyo, kiharusi, kisukari na mapafu.

KWA NINI MWILI HUUMIA?

Sababu ya kwanza ni dawa zenyewe. Tangu klopromazini ianze kutumiwa nchini Ufaransa mwaka 1952, dawa hizi zimewatoa watu wengi katika minyororo na vyumba vilivyofungwa. Hata hivyo, kila moja ina madhara yake. Haloperidoli na nyingine za zamani huweza kukakamaza misuli, kutetemesha mikono au kuchezesha midomo na ulimi bila mtu kutaka. Risperidoni huweza kuongeza homoni ya maziwa, hivi kwamba mwanamke akakosa hedhi na hata mwanamume akavimba matiti. Olanzapini na klozapini huamsha njaa kali, huongeza uzani na kupandisha sukari na mafuta katika damu.

Sababu ya pili ni maisha ya mgonjwa. Wengi hawana kazi, hushinda wameketi, huvuta sigara sana na kula kinachopatikana kwa bei nafuu: chai yenye sukari nyingi, maandazi na soda.

Sababu ya tatu ni sisi, madaktari na jamaa. Mtu akishaitwa mwenda wazimu, kila analolalamikia hubandikwa wazimu. Akisema kifua kinamuuma, tunasema ni mawazo. Akinywa maji kupita kiasi, tunasema amerukwa na akili tena.

VIPIMO VYA LAZIMA

Kabla ya mgonjwa kumeza kidonge cha kwanza, au mapema iwezekanavyo baada yake, apimwe uzani, kiuno, shinikizo la damu, sukari na mafuta. Daktari aulize pia kama kuna mtu katika ukoo mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo.

Mwaka 2004 wataalamu wa kisukari na wa maradhi ya akili wa Marekani walitoa ratiba ambayo ni rahisi kufuata. Uzani upimwe baada ya wiki 4, 8 na 12, kisha kila miezi mitatu. Shinikizo la damu na sukari vipimwe tena baada ya wiki 12, halafu angalau kila mwaka. Mafuta pia yapimwe baada ya wiki 12.

Ukiona uzani umepanda kwa asilimia 5, usingoje. Kwa mtu aliyeanza na kilo 60, hizo ni kilo 3 tu. Daktari anaweza kubadilisha dawa polepole, au kuongeza metformini, pamoja na kumshauri mgonjwa kuhusu chakula na mazoezi.

Hayo mengi hayahitaji hospitali kubwa. Kituo cha afya cha mtaani huwa na mizani na kifaa cha shinikizo la damu. Kiuno hupimwa kwa utepe wa fundi wa nguo.

Anayetumia klozapini ana sharti jingine. Dawa hiyo husaidia pale nyingine zimeshindwa, lakini kwa watu wachache hupunguza chembe nyeupe za damu zinazopigana na maradhi. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo. Akipata homa au koo likimuuma, apimwe damu siku hiyo hiyo. Vilevile asipopata choo kwa siku kadhaa, msilichukulie jambo dogo, kwani matumbo yanaweza kuziba na kumuua.

Sigara nayo ina hila yake. Moshi wake hufanya ini liondoe klozapini na olanzapini upesi. Mgonjwa akiacha kuvuta ghafla, dawa huzidi mwilini. Kuacha ni vizuri, lakini daktari ajulishwe ili apunguze kipimo.

Mkimbizeni hospitalini bila kuchelewa akipata homa kali huku mwili umekakamaa na jasho likimtoka, akizimia, au akiwa na kiu isiyoisha pamoja na kutapika na usingizi mzito.

USIACHE DAWA

Msomaji asije akasoma haya akazitupa dawa za ndugu yake. Kuziacha ghafla huweza kurudisha ugonjwa kwa nguvu zaidi. Zungumza kwanza na aliyeziandika. Na kama yeye, kama nilivyokuwa mimi, huandika dawa bila kumpima mgonjwa, mwulize kwa heshima: "Daktari, uzani wake ni kilo ngapi leo? Sukari ilipimwa lini?" Daktari mwema hatakasirika.

Kijana wangu tulimbadilishia dawa hatua kwa hatua tukishauriana na daktari wa akili, akatibiwa kisukari, na bado yuko dukani. Mamake ananunua daftari la shule kila mwaka, na humo huandika tarehe, kilo na sukari. Siku hizi kijana akiingia kliniki, hupanda mizani mwenyewe kabla sijamsalimu, kisha hunisomea nambari nami nikaandika.